Umeamkaje? Swali Lililoliokoa Andiko Langu la Utafiti

Wiki mbili zilizopita nilipokea barua niliyoisubiri kwa miaka minne. Andiko letu la utafiti kuhusu uchovu wa wagonjwa wa baridi yabisi limepita na fedha zimetengwa. Niliisoma nikiwa nimesimama koridoni, nikaingia ofisini nikaisoma tena nimekaa, kisha nikampigia muuguzi tuliyeianza naye kazi hii. Nilipomwambia "limepita", hakuna kati yetu aliyeongea tena kwa muda.

Jioni hiyo hiyo nikafungua ujumbe wa msomaji mmoja. Anasema: "Dada, nimemaliza shahada ya kwanza ya udaktari na moyo wangu uko kwenye utafiti wa magonjwa ya ngozi. Mwalimu wangu ameniambia ngozi ni mambo ya urembo, niende kwenye moyo au saratani ndiko kwenye sayansi ya kweli. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa mistari mitatu, lakini usingizi haukuja. Maneno ya aina hiyo nayafahamu vizuri mno.

Mimi niliambiwa, "Viungo haviui mtu." Nilikuwa mbele ya jopo nikieleza utafiti wangu wa magonjwa ya viungo, nimefika slaidi ya tatu kati ya kumi na mbili. Aliyesema hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi zake, na wenzake wawili wakatabasamu. Miaka imepita, nimeshakuwa mtu mzima katika fani hii, na bado nikifika slaidi ya tatu ya wasilisho lolote mapigo ya moyo wangu hubadilika. Sitaki kujifanya nimesahau.

Basi nianze na hilo, kwa sababu wengi mnaoniandikia mnakatishwa tamaa mkiwa bado mlangoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu takriban bilioni 1.71 wanaishi na matatizo ya mifupa, viungo na misuli, na kwamba maumivu ya kiuno ndiyo chanzo kikuu cha ulemavu katika nchi 160. Na hata hilo la kutoua si kweli. Baridi yabisi, ninamaanisha ile ya kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo, huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kuwa moto unaokula gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, hauishii kwenye kiungo, unasambaa hadi kwenye mishipa ya damu. Lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, huharibu figo. Wazee waliovunjika nyonga, wako wengi wasiomaliza mwaka. Na anayedhani kila kitu kimeshagunduliwa ajiulize kwa nini belimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, ilikuwa dawa mpya ya kwanza kuidhinishwa kwa lupasi baada ya zaidi ya miaka 50.

Kuhusu ngozi kuwa urembo, mdogo wangu, mwambie mwalimu wako habari ya mwaka 1979. Watafiti walikuwa wanajaribu siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa watu wenye ugonjwa wa viungo unaoambatana na soriasisi, ugonjwa wa mabaka yenye magamba kwenye ngozi. Walikuwa wanatafuta nafuu ya viungo, wakaona mabaka ya ngozi yanafutika. Uchunguzi ule ulisaidia kuonyesha kwamba soriasisi haianzi na kuishia kwenye ngozi, ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Mlango mkubwa wa sayansi ulifunguka kwa sababu watu walimtazama mgonjwa mzima, si kile tu walichokuja kukipima.

Mimi sikumtazama mgonjwa mzima. Sasa nieleze nilivyoanguka.

Utafiti wangu wa kwanza ulikuwa mdogo: kuwafuatilia wagonjwa wa baridi yabisi kwa mwaka mmoja, kuwapima damu na kuwahesabu viungo. Wasio wa fani hii niwaeleze kuhesabu viungo ni nini. Kuna viungo 28 vinavyopimwa: mabega mawili, viwiko viwili, vifundo viwili vya mikono, magoti mawili, na viungo 20 vya vidole vya mikono. Unabonyeza kila kimoja kwa kidole gumba mpaka ukucha wako unakuwa mweupe, huku unamwangalia mgonjwa usoni. Akikunja uso, unaandika. Kisha unapapasa kama kuna uvimbe, ule ulaini kama wa sifongo iliyolowa kati ya ngozi na mfupa. Niliipenda kazi hiyo. Niliifanya kwa uangalifu na bado najivunia mikono yangu.

Miadi yote niliipanga saa moja asubuhi. Kwenye karatasi sababu zangu zilikuwa nzuri: maabara haina foleni saa hizo, damu zote zinachukuliwa wakati mmoja, takwimu zinakuwa safi. Nilipewa sifa kwa mpangilio huo.

Mwezi wa tatu watu wakaanza kupungua. Mbele ya majina nikawa naandika "hakufika", "hakufika". Msimamizi wangu alisema washiriki hawana nidhamu, nami nikakubali. Zaidi ya kukubali, niliandika kwenye ripoti yangu kwamba kulikuwa na "mwitikio mdogo wa washiriki". Sentensi hiyo ipo hadi leo kwenye nakala iliyohifadhiwa, ina jina langu juu yake, na siwezi kuiondoa.

Matokeo yalionyesha kundi limepata nafuu. Nikayawasilisha kwa fahari. Mwishoni mtaalamu mmoja wa takwimu akaniuliza swali moja tu: "Waliotoka ni akina nani?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye mafaili usiku ule nikayapanga sakafuni, waliobaki upande huu, waliotoka upande ule. Waliotoka walikuwa ndio wenye viungo vingi vilivyovimba tangu siku ya kwanza. Kundi halikuwa limepata nafuu. Walioumwa zaidi walikuwa wameondoka, na mimi nikapima wastani wa waliobaki.

Nikaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Mama mmoja aliniambia kwenye simu, bila hasira, "Mwanangu, ulitaka nifike saa moja. Saa moja mimi bado naubembeleza mkono wangu ufunguke."

Nilimwomba ruhusa nikamtembelee nyumbani saa hiyo hiyo. Alikuwa ameamka saa kumi na moja na bado amekaa ukingoni mwa kitanda. Gauni lilikuwa na vifungo mbele. Hakukishika kifungo kwa ncha za vidole kama mimi na wewe, vidole vilikuwa havikunjiki. Alikisukuma kwa upande wa kidole cha shahada, akabana kitambaa kwa kiganja cha mkono wa pili, kifungo kikateleza, akaanza upya. Kilipoingia tundu la kwanza alipumzika. Nilikuwa na saa mkononi na sikuweza kuitazama. Kisha akanitazama na kusema, "Maumivu nimeyazoea. Kinachonimaliza ni uchovu. Nalala na kuamka nimechoka vile vile. Mbona kwenye karatasi zenu hamniulizi?"

Nilikuwa nimembonyeza viungo vyote 28, mara mbili. Nilikuwa nimempa mstari wa milimita 100 aweke alama ya maumivu yake. Kila mara nilipomkaribisha nilimsalimu "umeamkaje?" naye akajibu "salama", nami nikaendelea na kazi. Tunalo swali hilo katika lugha yetu, tunaliuliza kila asubuhi, na jibu lake hatulisubiri.

Baadaye nikaja kujua kwamba wakubwa wa fani hii walishapita hapo. Mtandao wa kimataifa wa OMERACT, ambako watafiti hukubaliana vitu gani vipimwe katika majaribio ya tiba za viungo, ulianza mwaka 1992. Ilichukua miaka kumi hadi wagonjwa wenyewe walipoalikwa kukaa mezani, mwaka 2002. Walipoulizwa ni nini kinachokosekana katika vipimo, walitaja uchovu. Wataalamu wa dunia nzima walikuwa wakipima ugonjwa huu na hicho walikuwa hawajakipa nafasi yake.

Na ile asubuhi ya yule mama ina biolojia yake, si uvivu. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, kemikali ya kinga iitwayo intaleukini 6 hupanda usiku na kufika kileleni kuelekea asubuhi, ndiyo maana viungo hukakamaa alfajiri. Mwaka 2008 yalichapishwa majaribio ya kidonge cha prednisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, kinachomezwa wakati wa kulala na kuachia dawa baada ya muda wa saa nne, katikati ya usiku. Kilipolinganishwa na prednisoni ya kawaida inayomezwa asubuhi, muda wa kukakamaa asubuhi ulipungua zaidi. Dawa ile ile, saa tofauti. Niliposoma makala hayo nilikumbuka ratiba yangu ya saa moja na nikaona aibu upya.

Nikaandika andiko jipya. Likakataliwa. Mhakiki mmoja aliandika kwamba uchovu "ni hisia, haupimiki", kana kwamba maumivu, ambayo tunayapima kila siku, ni jiwe la kuwekwa kwenye mizani. Nikarekebisha, likakataliwa tena. Miaka miwili iliyofuata siielezi hapa, ilikuwa ya fomu za kamati ya maadili na majedwali ya bajeti.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba tuliacha kuwaita wagonjwa mwishoni, tukawaita mwanzoni. Yule mama na mwenzake mmoja waliketi nasi tukiandika dodoso, sentensi baada ya sentensi. Nilikuwa na swali nililolipenda: "Je, unaweza kufanya shughuli zako za kawaida?" Yule mwenzake akalisoma mara mbili akasema, "Shughuli zangu za kawaida nilishaziacha miaka sita iliyopita. Za kawaida kwangu sasa ni hizi chache. Nikijibu ndiyo, nitakuwa nimekudanganya, na kosa si langu." Tukalifuta. Badala yake tukauliza ni kitu gani umeacha kufanya. Hakuna kozi ya takwimu iliyowahi kunifundisha hilo. Pia tulipunguza vipimo vya damu kutoka kumi na viwili hadi vitatu, kwa sababu tisa nilikuwa nimeviweka ili andiko lionekane la kisomi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuandika andiko lako, kaa kwanza na mgonjwa. Sisemi umhudumie, hilo unalifanya tayari. Kaa naye usiwe na kalamu. Muulize ameamkaje na usubiri jibu. Nenda umwone katika saa yake mbaya, sio saa inayokufaa wewe. Kama unatafiti jongo, yaani gauti, ujue kwamba shambulio hupenda kuja usiku na kwamba hata uzito wa shuka kwenye dole gumba la mguu haubebeki. Kama ni mifupa kuwa myepesi, ujue mgonjwa wako hahisi chochote mpaka siku ya kuvunjika, kwa hiyo umtafute kabla, na umweleze kwa nini anatakiwa kumeza dawa ya kitu kisichomuuma.

Na mshiriki asipofika, usiandike "hakufika" ukafunga faili. Piga simu. Aliyeacha kuja ndiye anayejua kasoro ya utafiti wako. Nalirudia kwa sababu nalisoma kwenye maandiko yenu mnayonitumia, kila mara lile lile: "washiriki walioacha waliondolewa kwenye uchambuzi." Waliondolewa na nani? Mmewauliza? Kijana aliyesomeshwa kwa miaka yote hiyo anawezaje kuandika sentensi kama hiyo na kulala? Ninawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali. Mtu amekupa damu yake, amekupa ngozi yake ukate kipande, amekupa asubuhi zake. Mheshimu. Sayansi isiyomheshimu anayeumwa hata takwimu zake huharibika, nimewaonyesha zilivyoharibika za kwangu.

Mdogo wangu wa ngozi, wewe una bahati. Katika fani yako wapo waliolifanyia kazi jambo hili mapema. Tangu mwaka 1978 kuna kipimo cha soriasisi kinachoitwa PASI, kinachohesabu wekundu, unene, magamba na ukubwa wa eneo. Mwaka 1994 madaktari wa Cardiff, Wales, wakaleta dodoso la maswali kumi, DLQI, linalouliza kuhusu wiki iliyopita: ngozi imekuwasha kiasi gani, umeona aibu kiasi gani, imekufanya uchague nguo gani. Yasome yote mawili kwa pamoja halafu uende kliniki ukae. Mtu mwenye baka dogo usoni na mwenye mabaka makubwa mgongoni watakupa majibu yatakayokushangaza, na swali lako la utafiti liko hapo katikati. Huyo anayekuambia ni urembo hajawahi kumwona mtu akijikuna usiku kucha hadi shuka ikalowa damu. Usibishane naye. Andika andiko, likikataliwa liandike tena.

Sisi tunaanza Jumanne. Yule mama hatakuwa mshiriki, kwa sababu sasa ni mmoja wa timu, jina lake liko kwenye andiko chini ya langu. Amesema atakaa pale mapokezi awasalimie watakaokuja, ila hawezi kufika kabla ya saa nne. Miadi ya kwanza tumeiweka saa tano.