Lenzi ya 200 au 300 kwa safari ya Bukavu? Pima umbali kwanza

Dada, umesema uko Lubumbashi, una kamera ya Canon yenye sensa ya APS-C (kile kipande kinachopokea picha, kwa saizi ndogo), na unakuja Bukavu kuona familia na kupiga picha. Baadaye utapanda boti kwenda Goma na, hali ya usalama ikiruhusu, utaingia hifadhi ya gorila ya Kahuzi-Biega. Pesa inatosha lenzi moja ya telefoto (ya kuvuta vitu vya mbali) iliyotumika, isiyo na zumu, na umekwama kati ya Canon EF 200mm f/2.8L II na EF 300mm f/4L IS. (Milimita zinaonyesha lenzi inavuta kiasi gani; namba ya f ni uwazi wake, ikiwa ndogo mwanga unaingia zaidi.) Waliokujibu kabla yangu karibu wote wamesema 300, kwamba safarini urefu hautoshi kamwe. Mimi ninaishi Bukavu na picha zangu nyingi nazipiga hapahapa. Ninakushauri uchukue 200, na nitakuambia sababu zake kwa kirefu, kwa sababu lenzi hizi zote mbili ni nzuri sana na anayezilinganisha kwenye karatasi tu atachagua ile ndefu.

Anza na umbali utakaosimama. Sensa yako ina upana wa milimita 22.3. Gawanya upana huo kwa milimita za lenzi, 200 au 300, kisha zidisha kwa umbali wa kitu unachopiga, utapata upana wa kile kitakachoingia kwenye picha. Mtu akiwa mita 10 mbele yako, 200 itaingiza upana wa mita 1.1, na 300 itaingiza sentimita 74. Kwa mita 50, ni mita 5.6 dhidi ya 3.7. Fanya hesabu hiyo kwa kila kitu unachotamani kukipiga huku kwetu, na utaona mwenyewe kwamba vingi viko karibu kuliko unavyodhani.

Chukua mfano wa mji wenyewe. Bukavu imejengwa juu ya rasi zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu, na nyuma yake vilima vimejaa nyumba kuanzia chini hadi juu. Ukisimama upande wa Nguba ukatazama rasi ya La Botte, au ukaangalia mteremko wa Kadutu kutoka kilima cha pili, unaziona nyumba zimepandana mabati kwa mabati. Hiyo ndiyo picha ambayo kila mgeni anaitaka, na watu husema inahitaji lenzi ndefu iwezekanavyo. Lakini kinachozibana nyumba ni umbali wako wewe nazo. Ukipiga kwa 200 kutoka palepale, kisha ukakata kingo hadi ibaki sehemu ambayo 300 ingeiona, nyumba zitabanana vilevile kabisa. Utakachopoteza ni pikseli: kwenye kamera ya megapikseli 24 utabaki na kama 10.7. Hiyo inatosha kuchapa karatasi ya A4 ikapendeza ukutani kwa shangazi.

Halafu kuna hewa, na hapa ndipo wengi wanaotoka mbali huumia. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi hukaa juu ya ziwa, na mchana ng'ambo yote inakuwa ya kijivu. Lenzi ndefu inaukuza huo ukungu pamoja na mlima. Inakuza pia ile hewa ya moto inayotetemeka juu ya mabati saa saba mchana, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuitoa. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake toka mapema. Saa moja hadi saa tatu utaona mistari ya migomba upande wa Rwanda, utahesabu madirisha, na 200 yako itakuwa kali hadi pembeni. Ningekuwa wewe ningepanga safari kwa mvua kabla ya kupanga milimita. Septemba au Oktoba ni bora kuliko Julai, hata kama utalowa.

Sasa wavuvi wa sambaza (dagaa wa ziwani), ambao naona ndio moyo wa picha za ziwa hili. Hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti, na fito ndefu za kushikilia nyavu zinachomoza mbele na nyuma. Hutoka jioni wakipiga kasia huku wakiimba, wanavua usiku kwa taa, wanarudi alfajiri. Maana yake ni kwamba kila wakati mzuri wa kuwapiga ni wakati wa mwanga mdogo. Sisi tuko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua likizama giza halichelewi. Hapo f/2.8 inakupa mwanga mara mbili ya f/4. Utaniambia 300 ina kitulizaji cha mtikisiko na 200 haina, na ni kweli. Kitulizaji hicho kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi mvuvi anayevuta kasia, wala boti yako inayoyumba pembeni yake. Ukiwa ndani ya boti unahitaji kasi ya shata ya 1/800 ya sekunde au zaidi kwa lenzi yoyote kati ya hizi, na kasi hiyo inalipiwa kwa mwanga.

(Ukiwa botini usiegemeze viwiko kwenye ukingo. Injini inatetemesha mbao zote na mtetemo unapanda hadi kwenye kamera. Bana viwiko mbavuni, piga magoti ukipewa nafasi.)

Kahuzi-Biega nayo inahitaji hesabu yake. Wanaokwenda Tshivanga, kituo cha hifadhi, kuona gorila wengi hubeba lenzi kubwa kana kwamba wanakwenda kwa simba wa savana. Utaratibu wa kutembelea gorila ni kubaki angalau mita 7, na siku hizi mahali pengi ni mita 10, flashi hairuhusiwi, na muda ni saa moja tu. Kwa mita 7, 300 inaingiza upana wa sentimita 52: uso wa dume mzee, basi. 200 inaingiza sentimita 78, uso na mabega. Lakini mama aliyeketi na mtoto mapajani, au dume akivuka njia na majani yakimwangukia, hao wanahitaji kama mita 1.8, na hiyo ni lenzi ya 85mm. Chini ya miti ile mwanga ni hafifu hata mchana, kwa hiyo 85mm f/1.8 inakupa mwanga kama mara tano ya f/4. Hapo ndipo tofauti kati ya picha yenye manyoya na picha yenye matope meusi inapotokea.

Basi linganisha uzito. EF 300mm f/4L IS ina gramu 1190. EF 200mm f/2.8L II ina gramu 765. EF 85mm f/1.8 ina gramu 425. Jumlisha hizo mbili za mwisho: 1190 kamili. Kwa uzito uleule wa begani unapata lenzi mbili, zote zina uwazi mkubwa zaidi, na 85 iliyotumika si ghali. Kama pesa haifiki, iazime. Ni lenzi ya zamani, ya mwaka 1992, na wapiga picha wa harusi wengi wanayo kabatini. Kuhusu wenye Nikon walioingilia mazungumzo: AF 180mm f/2.8 yenu ina gramu 760 na ni tamu sana, lakini inahitaji kamera yenye mota ya fokasi ndani. Kwenye kamera kama D3000 na D5000, zisizo na mota hiyo, mtazungusha kwa mkono.

Kuna jambo la rangi pia. 300 ni nyeupe na ina urefu wa sentimita 22. 200 ni nyeusi na haifiki 14. Ukitoa chombo cheupe cha namna ile katikati ya Bukavu, kila mtu atakuona mwandishi wa habari, na atakayekuja kukuuliza unapiga nini na kwa ruhusa ya nani hatakosekana. Mpaka, daraja la Ruzizi, askari, bandari yenye walinzi: hivyo usivielekezee lenzi ya aina yoyote. Lakini hata pale unaporuhusiwa, lenzi nyeusi fupi inakuacha uzungumze na watu kabla hawajaitazama mikono yako.

Na uzungumze, dada. Nakuomba sana hili. Sokoni Kadutu wamama wanajua telefoto ni nini. Ukijificha nyuma ya gari ukawapiga kwa mbali wanaona, wanafunika uso, na wanayo haki. Fika, sema jambo, ulizia bei ya ndizi, nunua, omba. Akikubali, ongea kidogo halafu rudi nyuma hatua kumi. Atarudi kwenye kazi yake, mikono itaendelea kupanga mafungu, na hapo ndipo 200 inafanya ambacho lenzi fupi haifanyi: inampa nafasi yake, wewe ukiwa bado machoni pake na yeye akijua upo. Kwa 300 ungerudi mbali zaidi, na soko lile limebanana. Kati yako na yeye watapita wabeba mizigo bila kukoma.

Kuhusu kubeba: utapanda pikipiki kila siku, na barabara za kupanda Kadutu hazina huruma. Lenzi isikae kwenye keria nyuma. Mtetemo hulegeza skrubu ndogo za ndani. Ivue kwenye kamera, izungushie kitenge, iweke wima kwenye sakoshi ya kawaida isiyo na nembo ya kamera, mkanda uvuke kifua, sakoshi ikae tumboni kati yako na motari (dereva wa pikipiki). Kitenge hichohicho kinakausha matone botini na kinaifunika kamera ukiwa umekaa nayo mahali pa watu wengi. Kofia ya jua ya lenzi iache imefungwa daima. Inazuia mvua na vidole kuliko filta yoyote. Ukishuka msituni umelowa, usiifungie lenzi ndani ya sakoshi usiku kucha. Iache wazi chumbani mahali pakavu, maana kuvu huanza na unyevu uliofungiwa.

Kuvu ndiyo pia kitu cha kwanza cha kukagua unaponunua. Nenda na tochi, fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma ukitazama kwa mbele. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni sababu ya kuondoka bila kujadili bei. Vumbi kidogo halina neno. Piga picha kwa f/2.8 kwenye ukuta wenye maandishi, kisha kwa f/8, uone kama vipande vya ndani vinajifunga sawasawa.

300 nayo ina watu wake. Kama ungeniambia unakuja kupiga ndege wa ziwani na mdiria wanaotumbukia majini, au mpira ukiwa pembeni ya uwanja, na una gari la kubebea, ningesema ichukue mara moja, ile gramu 1190 italipa. Wewe hukutaja ndege.

Ukifika ukaona bado unatamani urefu zaidi, kuna kiongezi cha Canon cha 1.4x, toleo la tatu, gramu 225. Kwenye 200 kinakupa 280mm f/4, na fokasi inaendelea kujiendesha. Jumla ni gramu 990. Usikinunue kabla hujapiga picha hapa angalau siku kadhaa, na usijaribu kukifunga kwenye 85, haikipokei.