Mwongozo wa kulaza ICU unatuhusu sisi wauguzi?

Dadangu, umeuliza kama huo mwongozo wa kulaza wagonjwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) uliobandikwa wodini kwenu una maana yoyote kwa muuguzi, ikiwa mwamuzi ni daktari na vitanda vyenyewe havipatikani. Nimefanya wodi ya wanaume, kisha ICU, zote hapa Nairobi. Simu za kuomba kitanda nimezipiga na nimezipokea. Unakuhusu sana.

Wengi tunausoma kana kwamba unapanga watu kwa uzito wa ugonjwa, aliye hoi zaidi aende kwanza. Sivyo. Unauliza nani atafaidika na kitu ambacho ICU inacho na wodi haina. Ule wa chama cha Marekani cha wataalamu wa wagonjwa mahututi, wa 1999, una madaraja manne. La kwanza ni aliye mahututi na anahitaji tiba isiyowezekana wodini, kama mashine ya kupumulia. La pili ni wa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu anaweza kubadilika ghafla. La tatu ni mahututi mwenye matumaini madogo. La nne ndilo linalozua ugomvi, kwani limeweka pamoja watu wawili wasiofanana kabisa: ambaye wodi inamtosha, na ambaye hata mashine haitamrudisha. Ndiyo maana kijana wa ajali ya bodaboda anachukuliwa, na mzee ambaye saratani imemwenea mwili mzima anabaki, ingawa ukiwatazama mzee ndiye mbaya zaidi. Mwongozo wao wa 2016 pia haumwangalii mgonjwa peke yake. Unatazama na vitanda vilivyopo.

Sasa, daktari wa zamu anaamua kwa kutumia nini? Chati yako. Na hapa niseme ukweli: fungua faili yoyote uone kasi ya kupumua. 20, 20, 20, wodi nzima. Hakuna aliyehesabu. Hesabu dakika nzima, saa mkononi. Chukua mgonjwa wa nimonia: anapumua mara 24, oksijeni mwilini 94 akiwa amewekewa oksijeni, mapigo ya moyo 112, presha 118 (ile namba ya juu), joto 37.4, anaongea vizuri. Utapita kitanda chake kwa sababu presha ni nzuri. Kwa NEWS2 ya Uingereza, ambayo hukipa kila kipimo alama kisha huzijumlisha, na zikipanda hatari inapanda, huyo ana 7, na 7 ni dharura. Ukiandika 20 badala ya 24 anashuka hadi 5, ambayo bado inataka aonwe haraka, lakini si dharura tena.

Ukipiga simu, usiseme "daktari, mgonjwa amebadilika". Sema kitanda gani, nambari ulizopata sasa na za saa mbili zilizopita, kisha unachoomba: "Naomba uje umwone, na tuwajulishe ICU." Andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea. Hilo linakulinda pia wewe.

Kuhusu vitanda, sibishani nawe. Mwaka 2015 majeruhi mmoja alikaa saa 18 kwenye ambulensi akitafutiwa kitanda cha ICU mjini humu, akafariki. Mwongozo hauongezi kitanda. Unachofanya ni kumwingiza mgonjwa wako kwenye foleni mapema, kabla hajatumbukia daraja la tatu. Huku unangoja, mwinue kichwa, ongeza vipimo viwe kila nusu saa, pima mkojo, uliza kama HDU, wodi ya uangalizi wa karibu iliyo chini ya ICU, kuna nafasi. Familia nayo iambiwe mapema, na daktari awepo, kwa sababu wengi wakisikia ICU wanaanza kuchangisha pesa kabla hawajajua kama itamsaidia mtu wao.

Kitu kimoja hukuuliza. Mwongozo huohuo una sehemu ya kutoa mgonjwa ICU, na wodini hatuisomi. Kitanda kikihitajika usiku, utaletewa mtu aliyetolewa haraka. Usimpokee kwa "yuko sawa" tu. Dai alama zake za mwisho, na muulize anayekukabidhi ni nambari gani ikifika apigiwe simu.