Maswali na majibu: kufuatilia malori kati ya Kolwezi, Lubumbashi na Kasumbalesa

Malori yangu hubeba shaba kutoka Kolwezi hadi Zambia, na njiani mtandao wa simu hupotea mara kwa mara. Kifaa cha kufuatilia kitanifaa nini huko? (Mwenye malori, Kolwezi)

Kifaa hicho hufanya kazi mbili zisizotegemeana. Mahali lilipo lori hujulikana kwa mawimbi ya satelaiti za GPS, zinazozunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 20,200, na kifaa kikipata mawimbi ya satelaiti nne hukokotoa mahali pake bila msaada wa mnara wowote wa simu. Mnara unahitajika tu kwa kukuletea habari hiyo ofisini. Kwa hiyo mtandao ukikatika, kifaa kizuri huhifadhi safari nzima ndani yake, kisha huituma lori linapofika penye mtandao. Kabla ya kulipa, muulize fundi kifaa chake huhifadhi safari ya siku ngapi, na kama kadi yake ya simu itaendelea kufanya kazi lori likishavuka mpaka, kwa maana kadi isiyoruhusiwa kutumia mitandao ya Zambia itanyamaza pale Kasumbalesa.

Kipimo cha tangi kilionyesha kwamba mazuti (dizeli) yalipungua usiku lori likiwa Likasi. Nimemsimamisha dereva, naye anakana. Nimwamini nani? (Patron mmoja, yaani mwenye malori, Lubumbashi)

Patron, ninakuomba umrudishe dereva kazini kwanza, kwa sababu mstari mmoja kwenye skrini hautoshi kumnyima mtu mkate wake. Ni kweli kwamba mazuti yanayotumiwa na injini hushuka polepole, na yanayofyonzwa hushuka ghafla lori likiwa limesimama na injini imezimwa. Lakini lori likiegeshwa kwenye mteremko, mazuti huegemea upande mmoja wa tangi, na kipimo kinaweza kusoma kiasi pungufu mpaka lori lirudi mahali tambarare. Basi tazama asubuhi iliyofuata: lori lilipoanza safari, kiasi kilirudi au hakikurudi? Kama kilirudi, hakuna wizi. Kama hakikurudi, chunguza jinsi kipimo kilivyofungwa. Malori mengi ya safari ndefu yana matangi mawili yaliyounganishwa, na kipimo kilicho katika tangi moja tu kinaweza kudanganya mazuti yanapohamia tangi la pili. Tena, fundi anapaswa kuanza na tangi tupu na kumimina mazuti kidogo kidogo, kwa mfano lita 20 kila mara, akiandika kwenye jedwali anachosoma kipimo kila hatua. Jedwali la lori moja halifai kwa lori jingine lenye tangi la umbo tofauti. Baada ya hayo yote, linganisha na risiti za kituo cha mazuti. Hata pengo likibaki, muulize dereva alilala wapi na nani alilinda, maana mwenye mpira wa kufyonzea na kidumu hahitaji ruhusa ya dereva aliyelala.

Mimi ni dereva. Patron anaona kila ninapokwenda. Sheria inamruhusu? (Dereva, Likasi)

Lori ni mali yake, na kulifuatilia kazini ni haki yake. Hata hivyo, habari za safari zikiambatana na jina lako huwa ni data zako binafsi, na Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu ya Kongo, yaani amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inazilinda data za namna hiyo. Mwombe kwa heshima akupe maandishi yanayoeleza ni nini kinachorekodiwa, kwa lengo gani, nani anakitazama na kitahifadhiwa kwa muda gani. Usiking'oe kifaa wala kukikatia umeme: rekodi hiyo hiyo ndiyo itakayokutetea mteja akidai kwamba ulichelewa kwa uzembe wakati ulikuwa kwenye foleni.

Malori yetu husimama sana Kasumbalesa. Kufuatilia hakufungui mpaka, kunatusaidia nini? (Msimamizi wa usafiri, Lubumbashi)

Kunakupa ushahidi, na katika biashara hii ushahidi ni fedha. Chora mipaka kwenye ramani kuzunguka mgodi, maegesho, eneo la forodha na upande wa Zambia, ili programu iandike yenyewe saa ya kuingia na ya kutoka kila mahali. Baada ya miezi michache utajua muda unapotea wapi hasa, na huenda ukagundua kwamba sehemu kubwa hupotea mgodini lori likisubiri kupakiwa au karatasi, kabla halijauona mpaka. Hapo utaweza kumdai mteja malipo ya kusubiri kwa rekodi, badala ya kubishana. Angalia pia injini zinazounguruma bure kwenye foleni: lori kubwa linaweza kuteketeza lita 2 hadi 4 kwa saa bila kusogea. Dereva anayewasha injini kwa ajili ya breki za hewa au joto la usiku asichukuliwe kuwa mkosefu.

Ripoti inasema lori liliondoka saa 04:00, mlinzi ameandika 06:00. Nani anakosea? (Karani, Lubumbashi)

Hakuna anayekosea. Programu imeachwa kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, na Lubumbashi iko mbele yake kwa saa mbili. Irekebishe kwa saa ya Lubumbashi, si ya Kinshasa iliyo nyuma yetu kwa saa moja. Zambia hutumia saa yetu, lakini Tanzania iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo malori ya Dar es Salaam nayo yasomwe kwa saa ya Lubumbashi tangu mwanzo hadi mwisho wa safari.