Kusahau kwangu ndiko kumejenga hii biashara

Jumamosi iliyopita tulilisha watu 400 kwa harusi huko Ngong na hakuna kitu hata kimoja kilisahaulika, hata vijiti vya meno. Mamake bibi harusi akanishika mkono akaniambia, "Msichana wangu, wewe uko na kichwa." Nililia kwa pikapu mpaka tukafika Karen, na wacha niwaambie kwa nini.

Mimi ni msahaulifu tangu utotoni. Nikitumwa sukari narudi na chumvi, shule nimechapwa sana juu ya vitabu nimeacha nyumbani, kila mtu alisema ni uzembe na mimi pia nikaamini. Halafu nikaanza kupikia watu kwa sherehe, na 2018 tukaenda ruracio, ile sherehe ya mahari, huko Kiambu, pilau iko, kuku iko, mukimo iko, sahani zote 150 zimebaki kwa stoo Umoja. Wageni wamekaa wanaangalia sufuria, boda inaenda Umoja inarudi, karibu masaa mawili. Shangazi mmoja akasimama mbele ya wazee akasema kichwa yangu haina kitu. Balansi sikulipwa mpaka leo. Pesa nilisamehe, yale maneno bado.

Nilijaribu kujilazimisha kukumbuka na haikusaidia. Kilichonisaidia ni mteja mmoja anayefanya kazi Wilson Airport, alinikuta nikihesabu vijiko mara ya tatu akanipa hadithi ya ndege. Oktoba 1935 huko Marekani, Boeing walileta ndege mpya ya kivita ijaribiwe, rubani mzoefu kabisa, lakini kuna kifungio cha kuzuia upepo usichezeshe zile sehemu za kuongozea ndege ikiwa imepaki, na hicho hakikufunguliwa. Ikapaa, ikaanguka, ikashika moto, wawili wakafa. Dawa yake haikuwa kutafuta rubani mwenye kichwa kizuri zaidi, waliandika orodha fupi ya kusomwa kabla ya kuruka, na mpaka leo marubani wanasoma orodha hata kama wamerusha ndege miaka 30.

Na mimi nilikuwa naona kuandika ni aibu!

Siku hiyo nikanunua kitabu cha Kasuku, yale madaftari ya shule. Nikikubali kazi naandika hapo hapo, sio jioni. Usiku kabla ya sherehe mmoja anasoma, mwingine anagusa kila kitu kwa mkono, na kikikosekana kitu kwa kazi kinaongezwa kwa orodha. Andika tu. Andika kila kitu.

Wenzangu wenye kumbukumbu nzuri wanabeba biashara yote kwa kichwa. Mwaka jana nililazwa siku tano tukiwa na kazi mbili, na msaidizi wangu akachukua ile Kasuku akazifanya zote bila kunipigia simu hata mara moja, kwa sababu hakuna kitu nilikuwa nimeficha kichwani. Kwa hivyo wewe unayeitwa msahaulifu, mzembe, wacha kuomba msamaha kila siku, kubali uko hivyo halafu ujenge kitu cha kukushika pale unapoteleza, na uanze leo, usingoje Januari.

Jana jioni nilipigiwa simu kutoka ile familia ya Kiambu, binti mwingine anaolewa Agosti. Nimefungua ukurasa mpya, na laini ya kwanza nimeandika sahani.