Muulize Bibi wa Kitalu: Jani limelegea, nimwagie?

Shikamoo Bibi. Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, niko Hannover mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee. Mwezi wa 11 nilikuta dukani ua dogo la zambarau, kibandiko chake kimeandikwa Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Nilipoliona neno Usambara, milima ya kwetu, hata bei sikuuliza. Nimeliweka dirishani, juu ya hita, maana ndipo penye mwanga. Wiki tatu lilichanua vizuri. Sasa majani ya upande mmoja yamelegea, rangi yake kama mchicha uliochemshwa, na upande wa pili ncha zimekauka. Namwagilia kila siku na linazidi kulegea. Ni joto au ni baridi? Ninayekaa naye anasema ni ugonjwa, nilitupe.
Mama Wawili, Hannover

Marahaba mwanangu. Usilitupe. Na hiyo chupa ya maji iweke chini kwanza, ndiyo usome.

Umeuliza joto au baridi. Ni vyote viwili, siku moja, kwenye chungu kimoja. Na jibu umeliandika mwenyewe pale uliposema upande mmoja hivi na upande wa pili vile. Kiu haichagui upande. Mizizi ikioza, mmea hulegea wote. Dhara likikaa upande mmoja, usimchunguze mmea peke yake, chunguza kilicho upande ule. Naweza kuapa kuwa majani yaliyolegea ndiyo yanayotazama kioo, na yaliyokauka ncha ndiyo yanayopigwa na hewa ya hita.

Yashike kwa vidole, yatakwambia. Jani lililoumizwa na baridi ni laini, zito, lina majimaji ndani kama limelowekwa, na rangi yake huwa nyeusi kuliko ya wenzake. Baridi imeharibu vijumba vidogo vilivyomo ndani ya jani na maji yake yamevuja. Jani lililoumizwa na joto kavu hulia kama karatasi ukilikunja, kuanzia ncha na kingo, na matumba ya maua hukauka yakadondoka kabla ya kufunguka. Ua hili hupenda nyuzi 18 hadi 24. Likikaa kwenye nyuzi 12 au 13 halifi, ila husimama kukua na majani huinama yakakumbatia mdomo wa chungu. Chini ya nyuzi 10 ndipo linapoanza kuiva kama hilo lako.

Utaniambia, Bibi, nyumba yangu ina joto. Hapo nami nina kesi yangu. Nimefanya kazi kwenye kitalu cha miche Muheza miaka 27, nikajiona najua kila kitu. Januari moja nikaenda kumtembelea binti yangu Leeds, Uingereza, nikamkuta na ua hilihili dirishani. Jioni tunashusha pazia, pazia zito linalogusa sakafu, na kachungu kanabaki upande wa kioo. Sisi huku tunakunywa chai, kipimajoto cha ukutani kinasema 21. Asubuhi naona majani yamelala. Nikasema kiu hii, nikamwagia maji ya bomba, na maji ya bomba ya Leeds mwezi wa Januari sina haja ya kuyaeleza. Jioni nikaongeza. Siku ya nne nililigusa shina likang'oka lote, limeoza kama ndizi iliyosahauliwa kikapuni. Binti yangu nilimwambia ni mdudu. Leo atajua.

Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kinapima joto letu sisi. Ua lilikuwa linaishi chumba kingine, cha upana wa shubiri moja, kati ya kioo na pazia, na humo usiku ni karibu na nje kuliko ndani. Kwa hiyo nunua kipimajoto kile kinachoweka kumbukumbu ya kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa, ukisimamishe kando ya chungu, usawa wa majani, usiku na mchana, siku mbili. Halafu uniandikie namba mbili tu. Mmea hauumwi kwa wastani. Ukiwa saa nane za nyuzi 30 juu ya hita na saa nane za nyuzi 9 nyuma ya pazia, wastani utakuta ni mzuri na ua limekufa.

Kuna jingine la Ujerumani hasa. Wenyeji wako hufungua madirisha hata theluji ikianguka, ili hewa ibadilike, na nasikia ni desturi wanayoiheshimu. Mimi siipingi. Lakini dirisha la huko huweza kuinamishwa kwa juu likaachwa hivyo saa nzima. Hewa ya baridi ni nzito, humwagika kutoka juu moja kwa moja hadi kwenye kingo ya dirisha, yaani kichwani pa ua lako, na wakati huohuo hita inalichoma kutoka chini. Ukitaka kuinamisha dirisha, lihamishe ua kwanza.

Sasa, maji. Linyanyue chungu. Kikiwa kizito na udongo unashikana na kidole, na majani bado yamelegea, hiyo si kiu. Mizizi iliyokaa kwenye udongo wa baridi hainywi, maji yanasimama, na udongo wenye maji yaliyosimama ndio mlango wa kuoza. Hapa ndipo watu wengi wanapoliua ua hili wakilionea huruma: kiu hulegeza jani, baridi hulegeza jani, joto la mchana hulegeza jani, mizizi iliyooza hulegeza jani, na dawa ya kila mtu ni jagi. Likilegea adhuhuri na kusimama lenyewe jioni, hilo ni joto. Likiamka asubuhi limelegea, udongo mbichi, fikiria baridi ya usiku. Likilegea usiku na mchana, chungu chepesi kama sanduku tupu la kiberiti, basi hapo ndipo umwagie.

Fanya hivi. Lisogeze mezani, hatua moja au mbili kutoka dirishani. Majani yaliyoiva kwa baridi yakate hadi kwenye shina, usiache kikonyo kinachooza. Ncha kavu hazitarudi kuwa kijani, zikikuchukiza zipunguze kwa mkasi. Mbolea hapana. Subiri udongo wa juu ukauke ndipo umwagie, na maji yawe yamelala chumbani usiku mzima. Kisha achana na majani ya zamani, angalia moyo wa mmea, pale katikati yanapochomoza machanga. Moyo ukiwa mgumu na wa kijani, lipo hai. Jani jipya likitoka limenyooka na halina kovu, umeshinda. Ukiwa na wasiwasi, kata jani moja zima na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu. Ua hili huzaliwa upya kutoka kwenye jani, kwa hiyo hata mama akifa, mtoto anabaki.

Na wewe kuniandikia kutoka Hannover, mji wote ule, kumenichekesha. Mwaka 1892, enzi za Mjerumani, mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire. Aliliona ua hili akampelekea baba yake Ujerumani, likafika mikononi mwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, ambazo ziko hapohapo Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliita Saintpaulia ionantha, kwa jina la hao baba na mwana. Siku ya mapumziko nenda kaitazame bustani. Mimi kwetu nimeyaona yakiwa porini, upande wa Amani, huko milima ya Usambara, mita 900 hivi juu ya bahari, yameshikilia mwamba wenye kuvu la kijani chini ya miti mikubwa, karibu na kijito. Joto la mwaka pale huzunguka nyuzi 20. Usiku unapoa, lakini taratibu, mwamba wenyewe umehifadhi joto na ukungu umetanda. Ua halijawahi kuambiwa kuwa kuna hita na theluji.

Asalaam aleikum Bibi. Niko Maskati, ua langu limetoka alama za pete juu ya majani, nyeupe zenye unjano, kama mtu kachora kwa chaki. Halikulegea hata kidogo. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili na pete zinazidi. Maji nalitia kwa uangalifu, tena ya friji, ya kunywa, kwa sababu maji ya bomba Juni hii yanaunguza mkono. Liko dirisha la mashariki, asubuhi linapata jua. Ni virusi?
Binti wa Malindi (ya Unguja)

Waaleikum salaam. Ahsante kwa kunitajia ni Malindi ipi.

Si virusi, si ukungu. Ni friji. Jani lako asubuhi limekaa kwenye jua, limefika nyuzi 30 au zaidi. Wewe unakuja na maji ya nyuzi 5. Majani ya ua hili yana tabia ambayo mengine mengi hayana: yakipozwa ghafla kwa nyuzi 8 hivi, yanaumia papo hapo. Tabaka la kijani lililo chini ya ngozi ya juu huporomoka na ukijani hupotea pale tone liliposimama, ndiyo maana alama inafuata umbo la tone au njia ya mchirizi. Wewe umelishusha nyuzi 25 kwa sekunde moja.

Kama huniamini, na huna sababu ya kumwamini mtu usiyemuona, chagua majani mawili machanga yasiyo na alama, usiyaguse na maji wiki tatu. Ugonjwa ungeyafikia bila kukuuliza. Pete za maji haziendi mahali ambapo maji hayakufika.

Maji ya bomba yaliyochemkia kwenye tenki la juu ya paa, nakubali, usiyatumie yakiwa hivyo. Jaza chupa jioni, iache chumbani kwako, asubuhi yatakuwa sawa na ua lenyewe. Tia kwenye sahani chini ya chungu, ua linywe kwa mizizi, na baada ya nusu saa yaliyobaki yamwage. Dawa ya ukungu acha. Pete zilizopo hazifutiki, zitaondoka siku majani hayo yatakapozeeka.

Hukunitajia kiyoyozi, nami sijaona nyumba ya Maskati isiyo nacho. Kisilipulizie. Na kama unakizima ukienda kazini na kukiwasha ukirudi, weka kipimajoto uone nyumba inafika ngapi saa nane mchana. Kuwasha na kuzima ndiko kunakoangusha matumba.

Bibi, mambo? Niko Tabata, chumba cha bati, sina dari. Ua la zambarau nilipewa na dada wa Lushoto. Linatoa matumba, yanaanguka yote. Ua la mlimani kwa joto hili la Dar si nikubali tu litakufa? Halafu majani ya katikati yamejibana, picha nimekutumia.
Kijana wa Bati

Poa. Shikamoo imepotelea Tabata, lakini nakujibu.

Usikubali. Ua hilihili liliokotwa pia Amboni, kwenye mawe ya chokaa karibu na Tanga mjini, na joto la Tanga halina tofauti kubwa na lako. Lilikuwa kwenye nyufa, kivulini, penye unyevu. Kwa hiyo Dar haikuliui, linauawa na bati saa tisa alasiri. Hewa ya moto hupanda, na wewe nadhani umeliweka juu ya kabati. Lishushe sakafuni, pembe isiyopigwa na jua, karibu na ndoo za maji. Feni izunguke chumbani lakini isilitazame. Januari na Februari usidai maua wala usitie mbolea, likiwa zaidi ya nyuzi 30 siku baada ya siku linatupa matumba ili lijiokoe lenyewe. Dalili nyingine za joto ni vikonyo kurefuka, majani kupauka na maua, likibahatika kutoa, kuwa madogo. Juni litakulipa.

Kimoja kinanitia shaka. Umeandika mwishoni kwamba majani ya katikati "yamejibana". Joto kali na taa iliyo karibu mno vinaweza kubana moyo, ukipoa unafunguka. Lakini yakiwa yamebanana, ya kijivujivu, yenye vinyweleo kama sufi, na yanakatika ukiyagusa, hao ni utitiri, wadudu wadogo usiowaona kwa macho, na mtu mwingine akiwa na ua chumba hichohicho mtatenganisha vyungu leo. Picha uliyotuma ni ya usiku, taa ya njano, na nusu yake ni kidole chako. Piga nyingine asubuhi mlangoni, moyo tu, bila kidole, unitumie.