Muulize Shangazi: Hoteli kuukuu ya milimani jangwani, spa yake bado inafaa?

Shikamoo Shangazi,

Mwezi ujao mimi na mume wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa, naye amependa hoteli moja ya mapumziko iliyo mlimani, jangwa limeizunguka pande zote. Ni ya zamani, ina zaidi ya miaka 40. Juzi tulipita njia hiyo tukaomba kuitembelea, tukakaa nusu siku. Zulia la ukumbini limepauka, mabomba ya bafuni ni ya mtindo wa utotoni mwangu, na vyumba vya upande wa bondeni vimefungwa. Ndani ya ukumbi wa bwawa harufu ya klorini ilinichoma macho. Kwenye vigae, usawa wa maji, kuna mstari mweupe mgumu usiotoka hata kwa kucha. Jakuzi ilikuwa imezungushiwa utepe. Sauna iliwashwa tukiwa tunaisubiri, ikachukua dakika 40 kupata moto. Lakini masaji, Shangazi! Mama aliyemkanda mume wangu alimuuliza kwanza dawa anazotumia (ana presha), kisha akamkanda taratibu mpaka akasinzia. Na machweo ya pale sijawahi kuyaona kwingine. Wanatoza chumba, halafu juu yake kuna ada ya huduma ya kila siku kwa ajili ya spa, bwawa na mazoezi. Mume wangu anasema uzee wa jengo si kitu, mimi nasita. Tulipie siku tatu, au tutafute mahali papya?

Mke Anayesita

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa miaka 25. Umefanya jambo la maana kwenda mwenyewe. Wengi hunitumia picha za matangazo wakitaka nizihukumu, na picha haina harufu.

Nilifanya kazi miaka 16 katika spa za hoteli za aina hiyo. Nilianza kwa kugawa taulo, nikaishia kupima maji. Hoteli ya kwanza ilikuwa kuukuu kama hiyo yenu, milango ikilia na mazulia yamekwisha. Fundi wake wa mitambo, mzee mpole, alipima maji kila baada ya saa mbili na kuandika kwenye daftari la jalada la buluu lililotundikwa mlangoni, mgeni yeyote aweze kulisoma. Hoteli ya pili ilikuwa mpya, marumaru mpaka msalani. Huko niliagizwa kumimina klorini kwa kukadiria na kupulizia manukato kabla wageni hawajaingia. Niliacha kazi. Ndiyo maana zulia lililopauka halinisumbui hata kidogo, wala mabomba ya zamani kwa sura yake. Mimi nataka kujua maji yanatunzwaje na hewa inatoka wapi.

Basi tuanze na kilichokuchoma macho, maana ndicho kikubwa katika barua yako. Watu hudhani harufu kali ya klorini ni dalili ya usafi. Sivyo. Klorini iliyotiwa kwa kipimo hunuka kidogo sana. Inapokutana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi hugeuka kuwa kloramini, na hizo ndizo zinazowasha macho na kukereketa koo. Zikijaa ukumbini ujue maji yamelemewa na uchafu wa waogeleaji, au feni za kutoa hewa zimechoka, au vyote viwili. Kwa jengo la umri huo ningeshuku feni kwanza, kwa sababu hufungwa darini ambako mgeni hafiki na meneja hakumbuki. Mkirudi, ingieni alfajiri kabla mtu hajaoga. Harufu ikiwapokea hata saa hiyo, achaneni na bwawa la ndani.

Mnaweza pia kujipimia. Vipo vijikaratasi vya kupimia maji ya bwawa, unachovya na rangi inabadilika papo hapo. Bwawani klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu, isipungue miligramu 1 kwa lita, na kwenye jakuzi isipungue 3. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8. Pakiti ndogo inaingia kwenye mkoba wa vipodozi. Nimewahi kuona wahudumu wakinuna mgeni akichovya karatasi yake, na nimewaona wengine wakisogea kusoma rangi pamoja naye. Hao wa pili ndio wenye kuijua kazi.

Sasa jakuzi. Utepe wenyewe haunitishi. Jakuzi inapaswa kumwagwa yote, kusuguliwa na kujazwa upya mara kwa mara, na hoteli inayoifunga kwa kazi hiyo inastahili pongezi. Maji yale ni machache na watu ni wengi, na joto pamoja na mapovu huimaliza klorini haraka mno. Ninachotaka uulize ni hiki: imefungwa tangu lini, na kwa nini? Ukijibiwa “jana, tunabadilisha maji, kesho inafunguliwa,” vizuri. Ukijibiwa “tunasubiri kipuri” na hakuna anayekumbuka ni mwezi gani, hapo nina wasiwasi, na si kwa sababu ya jakuzi peke yake.

Wasiwasi wangu ni bakteria wanaoitwa Legionella. Walijulikana baada ya mkutano wa maveterani uliofanyika hotelini Philadelphia mwaka 1976, watu wakaugua homa kali ya mapafu na baadhi yao wakafa. Bakteria hawa hupenda maji ya uvuguvugu yaliyotulia, hujificha kwenye utando unaojengeka ndani ya mabomba, kisha humfikia mtu kwa manyunyu anayovuta puani. Jakuzi hutoa manyunyu. Bomba la mvua bafuni pia. Na wewe umeniambia kuna vyumba vilivyofungwa upande wa bondeni. Mabomba ya vyumba hivyo yana maji yaliyolala, na katika majengo ya zamani mara nyingi yameunganishwa na yale yenye wageni. Kwa hiyo waulize: vyumba visivyotumika mnafungua mabomba yake kila baada ya siku ngapi? Fundi makini atakujibu bila kufikiri. Ugonjwa huu huwalemea zaidi waliovuka miaka 50, wavutaji sigara na wenye mapafu dhaifu, na nahesabu kuwa nyinyi mko kwenye umri huo au mnaukaribia.

Kabla mume wako hajaingia kwenye jakuzi hiyo ikishafunguliwa, tazameni tundu la kunyonya maji chini yake. Kifuniko kiwe kizima, kimekazwa, hakina ufa, na kiwe na umbo la mbinuko, kisiwe bapa kama sahani. Mwaka 2002 msichana wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alinaswa na nguvu ya tundu la namna hiyo katika jakuzi huko Marekani akafa maji. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2007 kuhusu vifuniko hivyo inabeba jina lake. Jakuzi nyingi za zamani zilijengwa kabla ya hapo, zikiwa na tundu moja tu. Zinaweza kurekebishwa, na swali ni kama zimerekebishwa. Kifuniko kikiwa kimevunjika, msiingie hata mguu.

Mstari mweupe kwenye vigae usikunyime usingizi. Ni chokaa. Maji ya jangwani mara nyingi ni magumu, yamebeba kalisi kutoka miambani, na hewa kavu huyakausha haraka sana yakaacha chokaa pale yalipoishia. Haipendezi lakini haimdhuru mtu. Ila chokaa hiyo hiyo huganda ndani ya mashine ya mvuke, kwa hiyo kama wana chumba cha mvuke, kijaribu. Chumba kizuri cha mvuke huwa na joto la nyuzi 43 hadi 45 hivi, na mvuke umetanda mpaka ukuta wa pili unaonekana kwa shida. Mvuke ukitoka kwa kukohoa, mashine imejaa chokaa. Inua macho utazame dari pia: inatakiwa iwe na mteremko au kuba ili matone yateremkie ukutani yasimdondokee mtu. Weusi kwenye maungio ya vigae ni kuvu, na kuvu ikienea ujue chumba hakikaushwi usiku.

Sauna ya dakika 40 ni sauna nzima kabisa. Mawe yanahitaji muda kushika moto, na joto lake hufika nyuzi 80 hadi 100. Ningekuwa na shaka zaidi kama ingekuwa inachemka tangu asubuhi bila mtu.

Mume wako sasa. Joto hutanua mishipa ya damu, presha hushuka, na anayemeza dawa za kuishusha anaweza kuona kizunguzungu anaposimama ghafla, hasa dawa zenyewe zikiwa za kukojosha. Jangwani jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu jasho hukauka kabla hujalihisi na mtu hajui amepoteza maji kiasi gani. Aongee na daktari wake kabla ya safari. Akiruhusiwa, dakika 10 zinamtosha, akae benchi la chini, ainuke polepole, asinywe pombe kabla, na asiingie peke yake. Jakuzi isizidi nyuzi 40. Ungenipa nafasi ya kumchagulia, ningemwachia masaji na bwawa la nje, kama lipo.

Na hapo nakuja kwenye kilichonifurahisha. Mkandaji anayeuliza dawa kabla hajagusa mgongo ni hazina. Umri wa hoteli wakati mwingine huwa faida: watu hukaa, mikono inakomaa. Muulize amefanya kazi pale miaka mingapi. Katika hoteli ile yangu ya kwanza wakandaji watatu walikuwa na zaidi ya miaka 10 kila mmoja, na wageni walirudi kwa ajili yao huku dari la chumba cha kusubiria likivuja. Mwekeeni nafasi yeye kwa jina, jioni, si baada ya kushinda juani. Kadiri mnavyopanda mlima ndivyo jua linavyounguza, karibu asilimia 10 zaidi kwa kila mita 1,000, hata kama upepo ni wa baridi, na ngozi iliyoungua haikandwi.

Kuhusu ada ya kila siku, ombeni orodha ya vinavyohusika kwa maandishi, na mbele ya kila kimoja saa zake za kufunguliwa. Ukumbi wa mazoezi unaofungwa saa kumi jioni hauwasaidii wanaorudi kutembea mlimani saa kumi na moja. Nchini Marekani, tangu Mei 2025, kanuni ya serikali kuu inazitaka hoteli zionyeshe bei pamoja na ada zote za lazima tangu mwanzo, mteja asije kushtukizwa mwishoni. Popote mlipo, mnayo haki ya kusema: jakuzi imefungwa, basi punguzeni. Mimi nilikuwa upande ule wa kaunta, na nakuhakikishia punguzo hupatikana kwa anayeomba kabla ya kulipa.

Uamuzi wangu: nendeni, lakini lipieni siku mbili kwanza, mkiacha ya tatu wazi. Piga simu, usizungumze na mapokezi, omba fundi wa mitambo au msimamizi wa spa, umuulize yale mawili, la jakuzi na la mabomba ya vyumba vilivyofungwa. Akikwepa, bakini na chumba, masaji na machweo, mkatae ada. Na mkifika, fungueni bomba la mvua la moto bafuni dakika chache mkiwa nje ya mlango, kabla ya yeyote kuoga.

Barua ya pili: Shangazi, mimi nimetoka kwenye mapumziko ya jangwani ya namna hiyo wiki iliyopita. Kila siku sauna na bwawa, lakini nimerudi ngozi inawasha, midomo imepasuka, na usiku mmoja pua ilitoka damu. Ni maji yao mabaya?

Mwenye Ngozi Kavu

Pole sana. Yawezekana maji yana sehemu yake, lakini kwa dalili hizo naona zaidi hewa. Jangwani unyevu wa hewa mchana mara nyingi haufiki asilimia 20, sauna nayo ni kavu, klorini inaondoa mafuta ya ngozi, na chumbani kiyoyozi kinamalizia kazi. Mara nyingine punguza sauna iwe siku moja na kupumzika siku moja. Ukitoka bwawani oga maji ya uvuguvugu, si ya moto, na ujipake mafuta mazito ngozi ikiwa bado na majimaji. Ukisubiri ikauke umechelewa. Puani paka mafuta kidogo ya mgando kabla ya kulala. Damu ikirudi ukiwa nyumbani, au ikitoka bila kukatika kwa dakika 20, nenda hospitali, hasa kama unatumia dawa za kuyeyusha damu.

Chumbani waombe mashine ya kuongeza unyevu. Hoteli za zamani mara nyingi huwa nazo stoo na hazisemi. Ukikosa, lowesha taulo kubwa, likamue, litundike kwenye kiti karibu na kitanda. Asubuhi liguse. Likiwa limekauka kabisa, usiku unaofuata tundika mawili.