"Benki ya mto" inakopesha kwa riba gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni bwana shamba katika wilaya moja mkoani Morogoro. Tuliandaa kipeperushi cha kuwakumbusha wakulima wasilime mtoni. Kijana wetu wa ofisini aliyapitisha maandishi ya Kiingereza kwenye programu ya kutafsiri, mimi sikuyakagua, na mkutanoni nikajikuta nasoma mbele ya wazee: "Ni marufuku kulima ndani ya mita 60 kutoka benki ya mto." Mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza hiyo benki ya mto inakopesha kwa riba gani. Tulicheka sana, lakini nimebaki na swali. Ilikuwaje Waingereza wakaita pembeni mwa mto na nyumba ya pesa kwa neno moja, bank? Ni neno moja au ni mawili? Na sisi tuseme nini?

Jibu: Marahaba, bwana shamba. Tuanze na la haraka, maana msimu haungoji. Andika "ukingo wa mto". Makatazo hayo yamo katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kinachosemwa pale si mto peke yake; ufukwe wa bahari na wa ziwa umo, bwawa nalo limo. Ukingo ni neno la kazi hiyo hasa. Ndani yake unasikia kitenzi kinga, kwa kuwa ukingo ndio unaozuia: ukingo wa kisima humzuia mtu asitumbukie, ukingo wa sinia huzuia mchuzi usimwagike, na ukingo wa mto huyazuia maji yasiingie shambani, mpaka siku yanapokataa kuzuiwa.

Sasa hilo ulilouliza kwa hamu zaidi. Ukifungua kamusi kubwa ya Kiingereza, neno bank hulikuti mahali pamoja. Limeandikwa mara mbili, mara tatu, kila moja na kijinamba chake, kama watoto wa shule waliogongana majina na mwalimu akawaita Juma wa kwanza na Juma wa pili. Hiyo ndiyo njia ya watunga kamusi ya kusema kwamba hawa si mtu mmoja.

Juma wa kwanza ni huyo wa mto. Alifika Uingereza na watu wa Skandinavia, wale mabaharia wa kaskazini waliovamia kisha wakalowea, na katika maandishi ya Kiingereza anaonekana kuanzia karne ya 13 hivi. Maana yake ni ardhi iliyoinuka, mteremko, tuta. Kutoka kwenye picha hiyo ya kitu kilichorundikana na kuinuka, Waingereza wakapata bank ya mchanga baharini, ya theluji kando ya barabara, ya ukungu na ya mawingu. Hata rubani anapoilaza ndege upande mmoja ili akate kona, kwao kitendo hicho ni bank, kwa kuwa ndege imekaa kama mteremko.

Juma wa pili ni wa pesa, naye alichelewa. Aliingia mwishoni mwa karne ya 15 akitokea Italia, na njiani alipita kwa Wafaransa. Kwa Kiitaliano banca au banco ilikuwa meza, au benchi refu. Wabadili fedha wa Florence, Venice na Genoa walikuwa wakiketi nyuma ya meza zao na mifuko ya sarafu na mizani, wakimpokea mfanyabiashara aliyekuja na fedha ya mji mwingine. Meza hiyo ndiyo biashara yenyewe, hivyo jina la meza likawa jina la biashara. Familia ya Medici ilipoanzisha ya kwao Florence mwaka 1397, neno lilikuwa limeshahama kutoka kwenye mbao kwenda kwenye mtaji. Wagiriki walikuwa wameshafanya vivyo hivyo zamani: trapeza kwao ni meza, na mpaka leo ukitaka kuweka akiba Athens unakwenda trapeza. Msomaji wa Injili anazijua meza hizo. Ndizo zilizopinduliwa hekaluni, na tafsiri yetu ya zamani inawaita wenyewe "wenye kuvunja fedha", kwa sababu sisi noti kubwa hatuibadili, tunaivunja.

Juma wa tatu simweki sana. Alitoka kwenye benchi walilokalia wapiga makasia wa merikebu, kwa Kifaransa banc, na siku hizi ni safu ya vitu vilivyopangwa pamoja, kama swichi ukutani.

Basi jibu ni maneno matatu? Kwa hesabu ya kamusi, ndiyo. Lakini ukipanda zaidi kwenye ukoo unakuta jambo la kuchekesha. Waitaliano nao hawakulibuni hilo banca; walilipata kwa makabila ya Kijerumani yaliyoteremka Italia dola ya Roma ilipoanguka. Na bank ya Waskandinavia nayo ni ya ukoo huohuo wa Kijerumani. Babu yao ni mmoja, na alimaanisha kitu kilichoinuka na juu yake pako sawa: rafu, kigongo cha ardhi, ubao wa kukalia. Mjukuu mmoja akabaki kaskazini akawa ukingo wa mto. Mwingine akaenda kusini akawa meza, akatajirika, akarudi Uingereza na jina lilelile. Walipokutana London hawakufahamiana.

Tena kulikuwa na mjukuu wa tatu ambaye hakusafiri. Waingereza wenyewe walirithi neno hilohilo kwa njia ya nyumbani, na katika matamshi yao likawa bench. Ndiyo kusema, benki na benchi, ambayo sote tumeyaazima kwa Kiingereza kila moja kwa wakati wake bila kudhani yanahusiana, ni ndugu wa damu. Mchezaji anayesugua benchi na mwenzake aliyepeleka fedha za usajili benki wako ndani ya neno moja. Wajerumani hawakuhangaika hata kuyatenganisha: Bank kwao ni benchi na ni benki pia, tofauti inajitokeza kwenye wingi tu. Bänke ni mabenchi, Banken ni benki nyingi. Walipotutawala hawakutuachia neno hilo, ila walituachia hela, kutokana na Heller, sarafu yao ndogo ya mwaka 1904 ambayo mia moja zilifanya rupia moja.

Nimeandika "benki nyingi" kwa makusudi. Najua watu wanasema mabenki, na hata nyaraka za watu wazito zinasema hivyo. Sitagombana nao. Mimi nasema benki hii, benki hizi, kama ninavyosema meza hii, meza hizi. Ukifika Lubumbashi utasikia banki, kwa kuwa kule neno lilipitia mdomo wa Mfaransa. Si kosa, ni safari nyingine.

Umeuliza pia, ingawa hukulisema hivyo, kama jambo hili ni la Kiingereza peke yake. Hata kidogo. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba kaa ni mdudu wa pwani mwenye magando, na ni kipande cha mkaa chenye moto, na ni amri ya kumwambia mgeni aketi. Hayo ni maneno matatu yaliyogongana tu, hakuna kinachoyaunganisha, na wanaisimu huyaita homonimu. Mbuzi ni jambo jingine. Yupo mbuzi wa zizini, na ipo mbuzi ya jikoni, kile kigoda chenye ulimi wa chuma uliochongoka ambacho mtu hukikalia akikuna nazi. Mbele pamenyooka kama shingo, nyuma miguu imetanuka; aliyekipa jina aliona mnyama. Hapo neno ni moja, limeongezewa kazi, nayo huitwa polisemi. Angalia upatanisho unavyotusaidia: mbuzi wangu amepotea, mbuzi yangu imevunjika meno. Mwingereza hana msaada huo. Bank yake ya mto na ya pesa zinavaa sare moja, na programu ya kutafsiri isiyotazama maneno ya jirani huchukua ile inayokutana nayo mara nyingi, yaani ya pesa. Ndivyo ulivyopatikana.

Nisikuache bila kukuonyesha neno jingine lililotoka kwenye meza ile ya Italia. Aliyefilisika kwa Kiingereza ni bankrupt, kutokana na banca rotta, meza iliyovunjika. Hupenda kusimuliwa kwamba mbadili fedha aliyeshindwa kulipa alivunjiwa meza yake hadharani. Hadithi ni tamu kuliko ushahidi wake, lakini maneno yenyewe ni hayo. Sisi tukaenda njia ya Waarabu. Filisi, filisika na muflisi yanatoka kwenye mzizi mmoja na fulusi, na maelezo ya wajuzi wa Kiarabu ni kwamba muflisi ni mtu ambaye dirhamu zake za fedha zimekwisha, amebakiwa na vishaba tu. Kishaba kimoja ni fils, na hicho nacho Waarabu walikipata kwa Warumi wa Constantinople, waliokiita follis. Ndugu zetu wanaofanya kazi Dubai au Kuwait wanazo fils mfukoni hivi sasa, na pengine ni mwisho wa mwezi.

Na kama bado unashangaa kiti kugeuka kuwa taasisi, nenda Lamu au Mji Mkongwe ukatazame mbele ya nyumba za mawe. Lile jukwaa la mawe lililojengwa ukutani, wanapoketi wazee baada ya alasiri na kahawa chungu, linaitwa baraza. Wameketi hapo, wakazungumza, wakasuluhisha ugomvi, wakapanga harusi, na jina la kikalio likawa jina la mkusanyiko. Leo tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani, na Zanzibar kuna Baraza la Wawakilishi, na hakuna anayefikiria jiwe. Kwa Waingereza, mahakimu na majaji kwa pamoja ni "the bench". Sisi na wao hatukuigana hapa.

Sasa nikurudishe kwenye kutafsiri, maana naona ofisi yenu itakutana na bank nyingine. Kwenye mto ni ukingo, au kingo zikiwa mbili. Ule wa upande wa pili una jina lake kamili, ng'ambo, wala hauhitaji maelezo. Redio inaposema Ukingo wa Magharibi inazungumzia magharibi ya Mto Yordani, na hapo watangazaji wetu walitafsiri vizuri kabisa, ila wasikilizaji wengi hawajaambiwa ni ukingo wa nini. Uliofanywa na watu kuzuia maji ni tuta. Mawingu hutanda. Mtu unayemtegemea, Mwingereza "anam-bank", wewe mtegemee tu. Benki ya damu iache ilivyo. Jina hilo lilianzia kwa daktari Bernard Fantus mjini Chicago mwaka 1937, aliyeona kwamba damu huwekwa na kutolewa kama akiba, na mfano wake unaeleweka kwetu bila kuongezewa neno.

Ninalolipenda kuliko yote ni la mchanga baharini, kwa sababu hapo Kiswahili kilishafanya peke yake kitu kinachofanana na kile cha Kiingereza. Mabaharia wetu huliita fungu. Karibu na Dar es Salaam kuna Fungu Yasini, jirani ya Mbudya na Bongoyo, mchanga na matumbawe. Fungu hilohilo ni la nyanya sokoni, zile tano zilizopangwa moja juu ya nne. Fungu ni la kumi kanisani. Na ukisoma kitabu cha bajeti ya serikali, kila wizara ina Fungu na namba yake, fedha tupu. Mchanga uliorundikana na pesa zilizotengwa, neno moja. Yule mzee wako angeambiwa "fungu la mto" asingecheka. Angeuliza ni la nani.

Swali lake la riba nalo lina jibu, kwa vile benki ya kijijini kwake ipo, ila imejificha. Vikoba ambavyo mama zetu hukutana kila wiki kuweka hisa na kukopeshana ni herufi za Kiingereza za maneno "benki za jamii za kijiji", VICOBA, na ile BA ya mwisho ndiyo bank. Sisi tulisikia vi- mwanzoni, tukadhani ni wingi, tukapata kikoba kimoja vikoba viwili, tena kikoba kilikuwa tayari ni kimkoba kidogo cha kutilia fedha. Neno limejifinyanga likakaa kana kwamba lilizaliwa hapa.

Kipeperushi basi kisomeke: "Ni marufuku kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto." Jiandae, maana nawajua wazee wa kando ya mito: watakuuliza ni ukingo wa masika au wa kiangazi. Hilo si la lugha. Wapelekee wanasheria wa wilaya.